Kura kwa Nusu Shari: Kutoka Tabora 1958 hadi Dodoma 2015

Septemba 1958, Mtanganyika aliyekuwa na haki ya kupiga kura aliingia kituoni akiwa amefungwa na sharti moja: lazima achague watu watatu. Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja. Akiruka hata mmoja, kura yake imeharibika. Na haki yenyewe haikuwa ya kila mtu. Ulitakiwa uwe umefika darasa la nane, au uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au uwe na madaraka yanayotambuliwa na serikali. Mkulima wa uwele wa Ugogo, aliyekuwa mlipa kodi kama wengine, hakuwa na kimojawapo.

Januari ya mwaka uleule wajumbe wa TANU walikutana Tabora kuamua kama chama kiingie kwenye uchaguzi wa namna hiyo. Wengi walifika na neno moja mdomoni: tususie. Kushiriki, walisema, ni kuupigia ubaguzi muhuri. Mwalimu Nyerere akasimama upande wa pili. Tukisusa, viti vitakwenda kwa United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining, nasi tutabaki nje ya Baraza la Kutunga Sheria huku sheria zikitungwa. Hoja yake ikashinda. Zuberi Mtemvu aliikataa, akajitoa, akaanzisha African National Congress.

Historia ya chama inauita Uamuzi wa Busara. Mimi naurudia kwa sababu ya mpwa wangu.

Kijana huyu amemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma, anafanya vibarua vya hapa na pale mjini, na siasa anazifuatilia kuliko mpira. Jioni moja tukinywa kahawa jirani na Jamatini aliniuliza: "Mjomba, kama wagombea wote wawili siwataki, kwa nini nimpe mmoja wao kura yangu?" Nikamjibu harakaharaka: nusu shari kuliko shari kamili. Akanitazama. "Hiyo si ndiyo ile ile ya zimwi likujualo halikuli likakwisha?" Nilinyamaza. Kijana aliuliza swali la kweli, nami nilimpa kipande cha methali. Haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa siku ile.

Methali mbili zinazochanganywa

Zimwi likujualo humtetea aliyepo. Halikutaki upime chochote. Linakuambia umeshazoea, baki hapo hapo. Nusu shari inakudai kazi: weka shari hii na ile kwenye mizani, tazama ipi inaumiza watu wengi zaidi, ipi ina dawa na ipi haina. Ukipima vizuri unaweza kukuta kwamba nusu ni yule usiyemjua kabisa, na shari kamili ni yule uliyekaa naye miaka ishirini. Kwa hiyo anayekuambia "bora huyu tumeshamzoea" hajakuletea hoja ya nusu shari. Amekuletea woga.

Na swali hili haliwabani watu wote sawasawa. Aliyeridhika na mgombea wake hana shari ya kugawanya. Linambana mpenda mageuzi: anayetaka ardhi ya kijiji isiguswe bila mkutano mkuu wa kijiji, mama mjamzito ajifungue bila kutumwa kununua glavu, mkulima wa zabibu wa Hombolo asiuze kwa bei anayopangiwa na mnunuzi, na mkubwa afungwe na sheria ileile inayomfunga mdogo. Mtu wa aina hii akiitazama karatasi ya kura, mara nyingi hamwoni wa kwake. Anaona aliye mbali naye, na aliye mbali zaidi.

Hesabu kabla ya dhamiri

Wengi huanza mjadala huu kwenye dhamiri: je, ni haki kumpa kura mtu nisiyemwamini? Mimi naona tuanzie kwenye kanuni ya kuhesabu, kwa sababu ndiyo inayotufikisha kwenye swali lenyewe.

Ibara ya 41(6) ya Katiba yetu inasema mgombea urais atatangazwa kuwa amechaguliwa akipata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Haidai zaidi ya nusu. Mwaka 1995 nusu ilidaiwa. Sharti hilo liliondolewa na mabadiliko ya Katiba ya 2000. Maana yake ni hii: wagombea wakiwa watano, wa kwanza akapata asilimia 30 na wanne wakagawana 70, aliyepata 30 ndiye Rais. Watu saba kati ya kumi hawakumtaka, na atawaongoza miaka mitano.

Anayetaka kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi atazame Kenya ya 1992. Rais Moi alipata kama asilimia 36. Matiba alipata 26, Kibaki 19, Oginga Odinga 17. Jumlisha hao watatu: zaidi ya sitini kati ya mia walitaka Moi aondoke, na Moi akabaki. Mwaka 1997 yakajirudia, Moi akashinda kwa karibu asilimia 40. Ilipofika 2002 Raila Odinga akatamka "Kibaki tosha", wakaungana chini ya NARC, na Kibaki akapata asilimia 62. Nani alikuwa Kibaki? Makamu wa Rais wa Moi kwa miaka kumi, na waziri wa fedha kabla ya hapo na katika sehemu ya miaka hiyo. Kulikuwa na watu waliowekwa kizuizini na serikali ile ambao siku ile walitakiwa kumpa kura mtu aliyekaa mezani pake. Wengi walimpa. Sidhani kama walimsahau. Walikuwa wameshapiga hesabu mara mbili na kuikosa.

Malawi walikwenda mbali zaidi, wakaibadili kanuni yenyewe. Rais Peter Mutharika alitangazwa mshindi 2019 kwa chini ya asilimia 39. Februari 2020 mahakama ilifuta matokeo yale na kuamua kwamba neno "wingi" katika katiba yao maana yake ni zaidi ya nusu. Wapinzani wake Chakwera na Chilima, waliogombea kila mtu kivyake 2019, wakalazimika kuungana, na Juni 2020 wakashinda kwa karibu asilimia 59.

Mfaransa Maurice Duverger aliliandika jambo hili mapema miaka ya 1950: pale mwenye kura nyingi anapochukua chote, wapiga kura husukumwa polepole kwenye vyama viwili, kwa kuwa kila mmoja anaogopa kura yake isipotee. Ninampenda kwa kitu kimoja. Anatuondolea lawama ya kuitana waoga. Mtu anayempigia kura nusu shari chini ya kanuni kama yetu hajapungukiwa moyo. Amebanwa na sheria ya uchaguzi.

Je, duru mbili zinatibu? Kwa kiasi. Duru ya kwanza unachagua kwa moyo, ya pili kwa hofu. Lakini hata huko kuna shimo. Ufaransa mwaka 2002 wagombea walikuwa 16, kura za mrengo wa kushoto zikatawanyika kwa wengi, na Lionel Jospin akaishia asilimia 16.2 wakati Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia ana 16.9. Duru ya pili ikabaki Le Pen na Jacques Chirac. Watu wa kushoto waliompinga Chirac maisha yao yote walitoka kwa mamilioni wakampa kura, akapata asilimia 82. Mwaka uliofuata serikali yake ikapitisha mabadiliko ya pensheni waliyoyapinga barabarani. Mnishikie mfano huu, nitaurudia.

Marekani nao wana Florida yao ya 2000. George W. Bush alitangazwa kumshinda Al Gore jimboni humo kwa kura 537, na Ralph Nader, mgombea wa mageuzi aliyejua hatashinda, alikuwa na zaidi ya kura 97,000. Robo karne sasa wanalaumiana. Walaumuji husahau kwamba kura zile hazikuwa mali ya Gore zikaibwa. Zilikuwa za wenyewe, na Gore hakuwashawishi. Walaumiwa nao husahau kwamba 537 ni idadi ya watu wa mtaa mmoja.

Sasa tuje nyumbani, maana sisi tuna jambo ambalo mijadala mingi ya nje haina. Siku ya uchaguzi mkuu Mtanzania wa Bara anapewa karatasi tatu: Rais, Mbunge, Diwani. CCM imehimiza kwa miaka mingi kwamba zote ziende kwake, ikaviita mafiga matatu, kwamba chungu hakikai kwenye figa moja. Ni lugha nzuri ya kampeni. Kwa mpenda mageuzi, hata hivyo, mafiga hayo ni hesabu tatu zisizofanana. Kura ya Rais inakusanywa nchi nzima. Ya Mbunge inaishia jimboni. Ya Diwani inaishia kwenye kata, mahali ambapo mgombea unalijua lango la kwao, na ambapo watu wachache tu waliolala siku ile wangeweza kubadili matokeo.

Majimbo mengi ya mkoa huu wa Dodoma yamekuwa ngome ya chama kimoja tangu vyama vingi virudi, na ushindi umekuwa wa mbali. Katika jimbo la namna hiyo, ukimpa kura mgombea mdogo unayemwamini hujampa mtu mbaya ushindi. Ushindi ulikuwapo tayari. Umeacha alama kwamba kuna watu wenye mawazo haya hapa. Hapo kumpigia nusu shari ni kujinyima bila sababu. Na pengine kazi ya kuchagua nusu shari ilikuwa mapema zaidi, kwenye kura za maoni za chama chenyewe, ambako watu wachache wenye kadi waliamua nani awe mbunge miezi miwili kabla wewe hujapanga foleni. Wapenda mageuzi wengi hawataki hata kusikia habari ya kura za maoni. Nawaelewa, ila chumba hicho ndimo uamuzi unamofanyikia.

Wanaokataa wana hoja

Mpwa wangu hakuwa peke yake. Mwaka 1956 W. E. B. Du Bois, msomi mkubwa wa Wamarekani weusi ambaye baadaye alihamia Ghana akafia Accra, alieleza hadharani kwa nini hatapiga kura: vyama vikubwa viwili vya nchi yake aliviona ni kitu kimoja chenye majina mawili, na kila mara aliyechagua afadhali alikuta hakuna afadhali. Alikuwa na miaka 88. Huyo si mtu wa kuambiwa hajakomaa kisiasa.

Hoja yao ya kwanza ni ya sokoni. Mteja asiye na duka lingine hapunguziwi bei. Chama kikijua kwamba utakipigia kura kwa kumwogopa yule mwingine, hakina sababu ya kukusikiliza. Kitatumia muda wake kuwabembeleza wanaoweza kuondoka. Ndiyo maana ya ile Ufaransa ya 2002. Asilimia 82 haikumfanya Chirac aone deni. Aliwajua waliokuja kwake, na alijua walikuja wakikimbia nini.

Ya pili ni nzito zaidi, na mfano wake ni Ujerumani ya 1932. Chama cha kisoshalisti cha SPD kilimuunga mkono Paul von Hindenburg, jenerali mzee wa kihafidhina waliyempinga miaka saba nyuma, ili kumzuia Adolf Hitler. Walifanikiwa. Aprili Hindenburg alipata asilimia 53, Hitler 37. Januari 1933 Hindenburg huyohuyo akamteua Hitler kuwa kansela. Nusu shari ilifungua mlango, shari kamili ikaingia.

Ningependa kusema mfano huo unamaliza mjadala, lakini haumalizi. Wakomunisti walisimamisha mgombea wao, Ernst Thälmann, wakapata asilimia 10, na wao waliishia kambini. Aliyekosea hesabu na aliyekataa kuhesabu walikutana mahali pamoja. Kilichowaponza wote ni kwamba SPD na wakomunisti walikuwa wameshindwa kusimama pamoja mapema, wakati bado kulikuwa na chaguo la tatu la kujengwa.

Dodoma, Julai 2015

Nakumbuka mji ulivyofurika. CCM ilikuwa inamtafuta mgombea urais na makada 38 walikuwa wamerudisha fomu. Kamati Kuu ikabakiza watano, na jina la Edward Lowassa halikuwamo. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba ukumbini kwamba wana imani na Lowassa, lakini jina halikurudi. Waliobaki mwishoni ni John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali, na Magufuli akashinda. Julai 28 Lowassa akahamia CHADEMA, na muungano wa UKAWA ukamfanya mgombea wake.

UKAWA ni Umoja wa Katiba ya Wananchi. Ulizaliwa hapahapa, ndani ya Bunge Maalumu la Katiba, wajumbe walipotoka nje Aprili 2014 wakidai rasimu ya wananchi iheshimiwe. Jina lenyewe lilikuwa dai. Na CHADEMA ndiyo iliyosimama Mwembeyanga, Temeke, Septemba 2007, ikasoma orodha ya waliotuhumiwa ufisadi, Lowassa akiwamo. Februari 2008 alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, ingawa mwenyewe alikana kosa. Dk. Willibrod Slaa, aliyeisoma orodha ile, alikataa kumeza maneno yake akaachana na siasa za chama.

Watu niliowaheshimu waligawanyika. Wapo waliosema: chama kilichotawala tangu uhuru kitatoka tu kikipasuka chenyewe, na huyu ndiye mpasuko. Tumtumie. Wapo waliosema Magufuli ndiye nusu, kwa kuwa yeye kashfa ile haikumgusa. Wote walikuwa wapenda mageuzi, wote walipima, na mizani ikawaonyesha watu tofauti. Matokeo mnayajua: Magufuli asilimia 58, Lowassa karibu 40, zaidi ya kura milioni sita, ambazo mpinzani hakuwahi kuzifikia. Upinzani ukaingia bungeni na wabunge zaidi ya mia moja.

Mimi nilikuwa na kichinjio changu mfukoni, kama tulivyokuwa tukiiita kadi ya mpiga kura mwaka ule, na nililala usiku kucha nikigeuka upande huu na ule. Sitasema nilimpa nani. Nitasema kilichoniuma. Ndani ya wiki moja wale waliotumia miaka minane kumwita mtu fisadi walianza kumwita safi. Hawakusema "ana doa lake, lakini tunamhitaji kwa hili na hili, na tumemwekea masharti haya." Walifuta doa. Aliyekumbusha orodha ya 2007 aliambiwa ametumwa.

Hapo ndipo ninapoona kosa lilipofanyika. Kumchagua nusu shari halikuwa kosa. Kosa ni kuibadili jina ikaitwa heri. Ukiendelea kuiita shari unabaki na haki ya kuidai, kuibana, hata kuiacha. Ukishaiita heri umejifunga mdomo. Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, na waliompa kura milioni sita hawakuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha kwamba aliwaahidi wao kitu.

Linganisha na Tabora. Hakuna aliyetoka kwenye mkutano ule akisema kura tatu ni mfumo mzuri. TANU iliendelea kuuita ubaguzi, ikaingia ili iuvunje. Na kwa kuwa kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mzungu na Mwasia, chama hakikuwaachia wapiga kura wakisie. Kilichagua wa kuwaunga mkono, watu kama Derek Bryceson na Amir Jamal, waliokubaliana na shabaha zake. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda. Agosti 1960 nchi ilipopiga kura tena, sharti la kura tatu lilikuwa limekwisha kuondolewa, ingawa viti 21 bado vilitengwa kwa Wazungu na Waasia. TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja, cha Mbulu, alikichukua mgombea binafsi, jambo ambalo sheria ya leo hailiruhusu.

Mizani ikiwa na sahani moja

Na kususa je? Nusu shari inahitaji vitu viwili: shari mbili za kulinganisha, na kura inayohesabiwa. Kimoja kikikosekana, hoja yote inaanguka, na anayekuhimiza uchague afadhali anakudai upime kwa sahani moja.

Kwenye uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikuwamo. Ilisema hakuna uchaguzi bila mageuzi, haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mwenyekiti wake Tundu Lissu, mtu wa Ikungi hapo Singida aliyewahi kupigwa risasi katika mji huu Septemba 2017, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Luhaga Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, aliondolewa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 mbele ya wagombea wa vyama vidogo. Damu ilimwagika siku ile na zilizofuata, intaneti ikazimwa, na ziko familia zinazoomboleza mpaka leo. Kijana aliyebaki nyumbani asubuhi ile kwa kuona hakuna cha kuchagua, mimi siwezi kumwita msaliti wa wajibu wake.

Lakini kususa kuna gharama yake, na gharama hiyo haianzii Ikulu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Sababu ya kujitoa ilikuwa ya haki. Hata hivyo kwa miaka mitano iliyofuata, barua ya utambulisho, mgogoro wa mpaka wa kiwanja, orodha ya kaya za kusaidiwa, vyote vilipita mezani ambapo hapakuwa na sauti ya pili. Hilo ndilo Nyerere aliliogopa Tabora.

Na wale wanaoharibu kura kwa makusudi, wakaandika tusi au ujumbe juu ya karatasi? Zinahesabiwa pamoja na za waliokosea kuweka alama. Ujumbe unaingia kwenye mfuko na kufungwa.

Jinsi ninavyopima

Nikirudi kwa mpwa wangu, sina kanuni moja ya kumpa. Nina mambo ninayoyatazama, na yana uzito usiolingana.

La kwanza kwangu ni nani atabeba tofauti. Wanaosema "wote walewale" mara nyingi wako mahali ambapo kweli wote ni walewale kwao: mshahara utaingia, bima ipo. Tofauti ndogo kwenye bajeti, ambayo mchambuzi hataisemea hata dakika moja redioni, inakuwa dawa ipo au haipo kwenye zahanati ya kijiji cha Chamwino au Bahi. Kama tofauti hiyo ipo, kuipuuza kwa ajili ya usafi wa dhamiri yangu ni kumlipisha mtu mwingine bei ya usafi huo. Siwezi.

Jingine ni kama kesho nitaruhusiwa kumpinga niliyempa kura. Shari inayokuachia mkutano wa hadhara, gazeti na mahakama ina dawa. Ila hapa lazima niseme ukweli: mara nyingi hatujui. Januari 2016 matangazo ya Bunge mubashara yalikatwa, na katikati ya mwaka ule mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, mpaka Januari 2023. Katika mabishano yote ya 2015 niliyoyasikia hapa mjini, hakuna aliyepima hilo. Tulipima ufisadi na uchapakazi. Kwa hiyo sasa siangalii mabango. Natazama mtu alisema nini na alipiga kura gani alipokuwa na nafasi, na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ziko wazi kwa yeyote mwenye simu na uvumilivu.

Kisha bei. Kura ya nusu shari ni ya kuuzwa ghali, na wa kuiuza ni kundi. Mtu mmoja mmoja hapati kitu. Wakulima wa zabibu wa kata mbili wakimwambia mtia nia kwa kauli moja wanataka nini kabla ya kampeni, anaandika. Hata hivyo maandishi nayo hayatoshi: Kenya 2002 viongozi wa NARC waliandikiana makubaliano ya kugawana madaraka, Kibaki alipoapa hayakutekelezwa, na katiba mpya waliyoitaka ilikuja 2010, baada ya maafa ya uchaguzi wa 2007. Makubaliano yao yalikuwa ya wakubwa. Wananchi hawakuwa na nakala.

Nilimsomea mpwa wangu sehemu ya makala hii kabla ya kuituma, palepale kwenye kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa Rais bado hujanishawishi, mjomba. Mtu nisiyemwamini simpi." Nikamuuliza na udiwani je. Akafikiri kidogo, akasema diwani wa kwao hampendi, lakini alimpigia kura kwa sababu mwenzake alitaka kuuza kiwanja cha shule, na kwamba Jumamosi kuna mkutano wa mtaa na atakwenda kumuuliza kuhusu kiwanja hicho mbele ya watu.